Sindano ya ganzi ya kung'oa gego: lidokaini au artikaini?

Swali. *Daktari, shikamoo. Nina miaka 46, naishi Tanga, uzito wangu kilo 60. Mwaka jana niling'olewa gego la chini kulia. Nilichomwa sindano tatu. Mdomo ulikufa ganzi kabisa, lakini koleo liliposhika jino niliumia mpaka nikalia. Kwenye sindano ya pili moyo ulinienda mbio na mikono ikatetemeka, wakaniandikia kwenye daftari kwamba nina mzio wa ganzi. Sasa gego la kushoto limeoza, usiku silali. Mdogo wangu yuko Muscat, anasema yeye alichomwa artikaini, wakang'oa mawili hakusikia kitu. Hapa nimeambiwa wana lignokaini tu. Je, artikaini ni bora? Niifuate hata kama ni mbali na ni ghali? Nina presha, natumia amlodipini, na nimesikia ganzi ya meno inapandisha presha.*

Jibu. Marahaba dada yangu, na pole kwa usiku wote huo.

Kwa gego la chini kama lako, artikaini ina faida ya kweli, ila si faida ya kukupandisha basi. Lignokaini, ambayo ndiyo hiyo hiyo lidokaini, ikiwa imechanganywa na adrenalini (inayobana mishipa ya damu ili ganzi isiondoke upesi), ikawekwa mahali pake na kupewa dakika zake, inatosha kung'oa gego hilo bila wewe kulia. Kwa jinsi ulivyoeleza, sidhani kama mwaka jana uliangushwa na jina la dawa.

Lakini kabla ya kulinganisha dawa, tuzungumzie hilo neno mzio, kwa sababu likibaki daftarini bila kuchunguzwa litakusumbua maisha yako yote. Kila atakayelisoma ataogopa kukuchoma, au atatafuta dawa ya pembeni isiyo na nguvu, nawe utaumia tena. Mzio wa kweli wa dawa za kundi la lidokaini upo, lakini ni nadra sana. Ukija, unakuja na vipele na mwasho, midomo au kope kuvimba, kifua kubana na kupiga filimbi, presha kushuka. Wewe umeeleza kitu kingine: moyo kwenda mbio na mikono kutetemeka, palepale sindano inapoingia. Hiyo ni picha ya adrenalini iliyoingia kwenye damu kwa haraka, ama kwa sababu ncha ya sindano ilikuwa ndani ya mshipa wa damu, ama dawa ilisukumwa kwa kasi. Hupita yenyewe ndani ya dakika chache. Nyuma ya taya, anapochoma daktari, kuna mishipa ya damu imelala jirani kabisa na mshipa wa fahamu, ndiyo maana tunafundishwa kuvuta bomba nyuma kidogo kabla ya kusukuma. Damu ikionekana ndani ya kichupa cha dawa, unasogeza ncha. Tukio la namna hii hutokea hata kwa mikono mizuri. Kosa ni kuliita mzio. Mweleze daktari wa safari hii dalili zote, moja moja, asome na daftari, halafu aamue yeye kama kuna sababu ya kukupeleka ukapimwe. Na kama una pumu, usiache kumwambia. Ganzi yenye adrenalini huwekewa salfaiti ili adrenalini isiharibike, na wapo wachache wenye pumu ambao salfaiti huwabana kifua.

Sasa tuje kwenye kilio chako. Umesema mdomo ulikufa ganzi. Hiyo ni habari nzuri kuliko unavyodhani, maana inaonyesha kwamba sindano ya nyuma ya taya ililenga. Mshipa wa fahamu unaohudumia meno yote ya chini upande mmoja huingia ndani ya mfupa kupitia tundu lililo upande wa ndani wa taya, juu na nyuma ya gego la mwisho. Daktari hupitisha sindano karibu milimita 20 hadi 25 mpaka iguse mfupa, anarudi nyuma kidogo, anavuta kuangalia damu, kisha anasukuma dawa polepole kwa muda wa dakika nzima. Mshipa huo huo ndio unaotoa tawi la kwenda mdomo wa chini na kidevu. Mdomo ukiwa mzito, dawa imefika.

Ila mdomo kuwa mzito si sawa na jino kufa. Matatu huweza kuwa yalitokea.

La kwanza ni ufizi wa upande wa shavu. Kwenye magego, ufizi huo una mshipa wake mwingine wa fahamu ambao sindano ya nyuma ya taya haiufikii. Unahitaji sindano yake ndogo, pembeni. Ikisahaulika, koleo linapoteremka chini ya ufizi mgonjwa anaruka, na daktari anadhani jino ndilo linalosikia. Sindano ya namna hii huisha kwa sekunde, na kuiacha ni uzembe mdogo unaomtesa mtu sana.

La pili ni muda. Mdomo huanza kufa baada ya dakika tatu hadi tano, lakini kiini cha gego, yaani nyama yake ya ndani yenye fahamu, huchelewa, pengine dakika kumi, kumi na tano. Katika chumba chenye foleni ya watu ishirini nje, dakika kumi ni anasa. Najua jinsi foleni inavyomsukuma daktari. Hata hivyo wewe mgonjwa unayo haki ya kusema, "Daktari, naomba tusubiri kidogo, bado nasikia."

La tatu, na ndilo ninalolishuku zaidi, ni hali ya jino lenyewe. Jino linalokunyima usingizi limewaka ndani. Katika nyama iliyovimba na yenye usaha, asidi huzidi, na dawa zote za ganzi huhitaji mazingira yasiyo na asidi nyingi ili chembe zake ziweze kupenya utando wa mshipa wa fahamu. Asidi inapozidi, chembe nyingi hubaki upande wa nje. Lakini hata ukichoma mbali na uvimbe, kule nyuma ya taya ambako hakuna asidi, mshipa uliokaa kwenye moto wa jino kwa siku nyingi hubadilika na kuwa mgumu kuuzima. Ndiyo maana madaktari wa meno kila mahali wanayajua haya: gego la chini lililowaka ndilo sugu kuliko yote, na mgonjwa huweza kusema mdomo umekufa huku jino linalia.

Kuna na jambo la nne, ambalo si kosa la mtu. Ganzi huzima maumivu, haizimi msukumo. Utasikia taya linasukumwa, utasikia mlio wa "kra" karibu na sikio, utahisi jino linayumba. Hayo hayana dawa, na artikaini haiyaondoi. Mgonjwa asiyeambiwa mapema huyachanganya na maumivu, anakaza mwili, na hofu inamzidishia kila kitu. Kwa hiyo pima mwenyewe: ni kusukumwa, au ni makali yanayochoma? La pili ndilo la kuinulia mkono.

Sasa artikaini. Lidokaini ilitengenezwa na Nils Löfgren huko Sweden mwaka 1943, mwenzake Bengt Lundqvist akaijaribu kwenye mwili wake mwenyewe, na ikaingia sokoni mwaka 1948 kwa jina la Xylocaine. Ilichukua nafasi ya prokaini, ile Novocain ambayo wazee wengine bado huitaja, ingawa siku hizi hutaipata kwenye kiti cha meno. Artikaini ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1969, madaktari wa huko wakaanza kuitumia mwaka 1976, lakini Marekani haikuidhinishwa mpaka mwaka 2000. Dawa hizi ni za ukoo mmoja. Tofauti ni kwamba katikati ya artikaini pana pete yenye salfa badala ya pete ya benzini, hivyo huyeyuka zaidi kwenye mafuta na kupenya mfupa vizuri zaidi. Tena ina mkia ambao damu yenyewe huukata, kwa hiyo nusu yake huisha mwilini katika muda wa kama dakika 20 hadi 30. Lidokaini husubiri ini, na nusu yake huchukua kama saa moja na nusu.

Hiyo ya kupenya mfupa ndiyo habari yenyewe. Taya la juu lina mfupa mwembamba wenye vitundu, ukichoma pembeni ya jino dawa inaingia bila shida, na kwa meno hayo lidokaini na artikaini zinakaribiana sana. Taya la chini kwenye magego lina ukuta mnene. Ukichoma lidokaini kwenye ufizi wa nje wa gego la chini, mara nyingi inabaki hapo hapo kwenye ufizi. Mwaka 2006 watafiti wa Newcastle, Uingereza, waliwachoma watu 31 wasio na ugonjwa wa jino, kila mmoja kwa nyakati mbili tofauti, pembeni ya gego la kwanza la chini, mara moja artikaini ya 4% na mara nyingine lidokaini ya 2%, zote zikiwa na adrenalini kipimo kilekile. Walipopima kwa umeme, gego lilikufa kabisa kwa asilimia 64.5 na artikaini, asilimia 38.7 na lidokaini. Tofauti hiyo ni kubwa. Lakini tazama upande wa pili wa namba: hata artikaini ilimkosa mtu mmoja kati ya watatu, na hao walikuwa na meno mazima, si gego lililowaka.

Na sindano ya nyuma ya taya je? Hapo tafiti zilizolinganisha dawa hizi mbili hazikuona tofauti ya maana. Kule dawa haipiti kwenye mfupa, inaoga mshipa moja kwa moja, kwa hiyo sifa kubwa ya artikaini haina kazi. Mimi mwenyewe ninapokuwa nazo zote mezani, kwa gego la chini naweka lidokaini nyuma ya taya, nasubiri, kisha naongeza artikaini pembeni ya gego upande wa shavu. Mchanganyiko huo una ushahidi mzuri kuliko sindano ya nyuma peke yake, na ile ya pembeni inaua na ufizi kwa mkupuo mmoja.

Kuna sababu nyingine ya kutoipeleka artikaini nyuma ya taya. Mwaka 1995 watafiti wa Ontario, Kanada, walichapisha hesabu za miaka 21 za watu waliobaki na ganzi isiyoisha kwenye ulimi au mdomo baada ya sindano ya meno, na dawa za 4%, yaani artikaini na prilokaini, zilijitokeza zaidi kuliko ilivyotarajiwa. Ni jambo la nadra mno: kwa mwaka 1993 walikadiria kisa kimoja kwa sindano 785,000. Wapo wanaosema tatizo ni sindano kugusa mshipa wa ulimi na si dawa, na majaribio ya kitabibu hayajaonyesha tofauti iliyo wazi. Ubishi haujaisha. Lakini pale ambapo artikaini hainipi faida yoyote, sioni kwa nini nibebe hata hatari ndogo.

Sasa nikuulize swali ambalo mdogo wako wa Muscat hakukuuliza: ile lignokaini uliyochomwa mwaka jana ilikuwa na adrenalini? Moyo kwenda mbio unaniambia huenda ndiyo, angalau kwenye sindano ya pili. Lakini uliza safari hii, maana swali hilo lina uzito kuliko jina la dawa. Lidokaini peke yake hutanua mishipa ya damu, damu inaibeba dawa na kuondoka nayo. Lidokaini ya 2% bila adrenalini hulaza kiini cha jino kwa dakika tano hadi kumi tu. Daktari anageuka kuchukua koleo, anarudi, jino limeamka. Ikiwa na adrenalini, hulala kama saa nzima, na mdomo hubaki mzito saa tatu hadi tano. Artikaini yenye adrenalini hulala karibu vilevile, labda dakika chache zaidi. Kwa hiyo umbali kati ya lidokaini tupu na lidokaini yenye adrenalini ni mkubwa mara nyingi kuliko umbali kati ya lidokaini na artikaini.

Utaijuaje? Ganzi ya meno iliyotengenezwa kwa kazi hiyo huja katika kichupa chembamba cha kioo cha mililita 1.8 au 2.2, kinachopachikwa kwenye bomba la chuma. Juu yake pameandikwa asilimia ya dawa na kipimo cha adrenalini, kwa mfano 1:80,000 au 1:100,000. Orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani inaitaja lidokaini ya 2% yenye adrenalini 1:80,000 katika kichupa cha meno, kwa hiyo hata kituo cha afya cha kawaida kina sababu ya kuwa nayo. Mahali pengine vichupa vikiisha hutumika chupa kubwa ya lignokaini inayovutwa kwa bomba la plastiki la mililita tano. Nyingi za chupa hizo hazina adrenalini. Kung'oa jino la mbele linalocheza kwa dawa hiyo kunawezekana. Gego la mizizi miwili lililowaka ni kujitafutia balaa.

Na hata yenye adrenalini inaweza kufa rafuni. Adrenalini haipendi joto wala mwanga, na vichupa vingi vimeandikwa vihifadhiwe chini ya nyuzi 25. Sihitaji kumwambia mtu wa Tanga kuhusu mwezi wa pili. Boksi lililokaa dirishani au kwenye gari wiki kadhaa linaweza kuwa na lidokaini nzima na adrenalini iliyokwisha. Dawa nzuri ni angavu kama maji. Ikiwa imegeuka njano au kahawia, haifai. Kipovu kidogo cha hewa ndani ya kichupa si shida, ni gesi iliyowekwa kiwandani, ila kipovu kikubwa na kizibo cha mpira kilichotoka nje kinaonyesha kichupa kiliwahi kuganda. Mgonjwa hakatazwi kuomba kuonyeshwa kichupa na tarehe yake. Daktari anayejiamini hatakasirika.

Presha yako sasa, maana ndiyo inayowafanya watu wakimbie adrenalini. Kichupa cha mililita 1.8 chenye 1:80,000 kina adrenalini ya mikrogramu 22 na nusu. Kwa mtu mwenye ugonjwa mkubwa wa moyo, kiwango kinachopendekezwa kwa mkao mmoja ni mikrogramu 40, yaani chini kidogo ya vichupa viwili hivyo, au viwili vya 1:100,000. Mtu mzima mwenye afya anaruhusiwa mikrogramu 200. Wewe uliye na presha inayodhibitiwa kwa dawa si wa kundi la moyo mbovu, lakini mimi ningejibana kwenye vichupa viwili au vitatu, nikichoma polepole na kuvuta kuangalia damu. Kukunyima adrenalini kabisa kunaweza kukuumiza zaidi: ganzi ikifeli, maumivu na hofu vitaufanya mwili wako umwage adrenalini yake wenyewe, na hiyo haipimwi kwa mikrogramu wala haisomwi kwenye kichupa. Kinachoweza kuahirisha kazi ni presha yenyewe siku hiyo. Ikiwa 180 kwa 110 au zaidi, jino lisubiri, ukaonwe kwanza na daktari wa presha.

Amlodipini haina ugomvi na ganzi. Inayotakiwa kutajwa kwa sauti ni propranololi na ndugu zake, kwa sababu zikikutana na adrenalini presha huweza kupanda ghafla. (Amlodipini ina mchezo mwingine: kwa baadhi ya watu huvimbisha ufizi ukapanda juu ya meno. Ukiona hivyo mwambie daktari wako, usiiache mwenyewe.) Na kwa wasomaji wengine, wanaume hasa: ukitafuna miraa, sema. Inapandisha mapigo ya moyo na presha kabla hata sindano haijafika, na hakuna anayekuhukumu pale kitini.

Dawa nyingine nizitaje haraka, usije ukapewa ukashangaa. Mepivakaini ya 3% haina adrenalini lakini haitanui mishipa sana, hivyo hulala dakika 20 hadi 40. Inafaa kwa jino jepesi kwa mtu ambaye kweli hawezi adrenalini. Prilokaini yenye felipresini ni njia nyingine ya kukwepa adrenalini, ila haifai kwa mjamzito, kwa sababu felipresini inaweza kuamsha mfuko wa uzazi, na prilokaini ikizidi huharibu uwezo wa damu kubeba oksijeni. Mjamzito anayelazimika kung'oa, lidokaini ndiyo yenye historia ndefu na salama kwake. Bupivakaini hulala saa nyingi, mdomo unaweza kubaki mzito mpaka usiku. Tunaipenda kwenye upasuaji wa gego la mwisho lililolala ndani ya mfupa, haina haja kwa jino la kung'oa kawaida.

Kuhusu kiasi, msikilize daktari, lakini ujue hesabu. Kichupa cha lidokaini ya 2% cha mililita 1.8 kina miligramu 36. Artikaini ni ya 4%, kichupa hichohicho kina miligramu 72. Kwa artikaini ukomo ni miligramu 7 kwa kilo, kwa kilo zako 60 ni miligramu 420, vichupa vitano na ushee. Kwa lidokaini wengi wetu tunatumia ukomo wa chini, miligramu 4.4 kwa kilo, ambao kwako ni vichupa saba. Hakuna sababu ya wewe kufika huko kwa jino moja. Hesabu hiyo inauma kwa watoto. Mtoto wa kilo 15 hafiki vichupa viwili vya lidokaini kwa ukomo huo wa chini, na artikaini ni kimoja na kidogo tu. Wengi hawapendekezi artikaini kabisa kwa mtoto chini ya miaka minne. Mzazi akisikia "tumwongeze kingine" ana haki ya kuuliza vimeshakuwa vingapi.

Sasa kwako. Usisafiri. Nenda kwa daktari wa kinywa na meno wa hapo Tanga, katika hospitali inayong'oa kila siku, mwambie maneno haya: mara ya mwisho mdomo ulikufa ila jino halikufa; moyo ulienda mbio bila vipele wala kubanwa kifua; nina presha na natumia amlodipini. Hapo umempa ramani yote. Atajua aongeze sindano ya upande wa shavu, asubiri, na jino likikaidi kuna njia ya mwisho ambayo mara nyingi inamaliza ubishi: sindano nyembamba inayoingizwa kati ya jino na mfupa, tone kidogo kwa kila mzizi, karibu mililita 0.2, kwa nguvu na polepole. Inachukua chini ya dakika moja kushika. Inauma kidogo wakati inaingia, sitakudanganya. Njia hiyo haihitaji artikaini. Kama kliniki ina artikaini na bei unaiweza, omba ile ya pembeni iwe hiyo. Kama haina, usirudi nyumbani na jino.

Usianze pia kumeza amoksilini kwa wiki nzima ukisubiri "jino lipoe." Jino linalouma usiku bila uvimbe usoni haliponi kwa antibayotiki; linatulia kwa kung'olewa au kutibiwa mzizi, na ukichelewa ndivyo linavyozidi kuwa sugu kwa ganzi. Ukiwa na uvimbe wa shavu, homa, au mdomo haufunguki, nenda leo leo, kwa sababu hapo pengine kuna usaha wa kutolewa kwanza. Na ukishindwa kumeza au kupumua, hiyo ni dharura ya hospitali kubwa, usisubiri asubuhi.

Siku ya kwenda, nenda asubuhi. Kunywa kidonge chako cha presha kama kawaida, na kula. Wengi huzimia kitini kwa njaa na hofu, kisha ganzi inasingiziwa. Baada ya kung'oa, usingoje ganzi iishe ndipo utafute parasetamoli, imeze mdomo ukiwa bado mzito, ili ikukute tayari. Chai iwe vuguvugu. Usitafune upande huo mpaka mdomo uamke, maana mdomo uliolala hung'atwa bila mtu kujua, ukaja kugundua jioni umevimba mahali ambapo daktari hakugusa.